Mjomba aliniuliza: ukiibana sumaku, nguvu inaongezeka?

Mjomba wangu ana kibanda cha kutengeneza spika pale mtaa wa Gerezani, Dar, miaka mingi sana, mi nimekulia pale pale kila tukifunga shule. Ukuta mzima umejaa koni zilizochanika, koili za shaba, na sumaku. Zipo zile za zamani nyeusi, nzito, pana kama chapati, alafu zipo hizi za siku hizi ndogo zinang'aa kama sarafu mpya, ambazo ukisogeza mbili karibu na kidole kikawa katikati utapiga kelele. Hizi ndogo ndio za neodimiamu, na ndio nataka kuziongelea leo, kwasababu mjomba aliniuliza swali na nimekaa nalo wiki mbili nzima.

Ilikuwa Jumamosi. Shikamoo mjomba, marahaba, hujambo, kaa hapo. Alikuwa na twita mkononi, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ambayo kijana wake aliipuliza na mashine ya hewa ya moto muda mrefu ili gundi iachie, gundi ikaachia kweli, ila sumaku nayo ikalegea, ukiweka bisibisi inavuta kivivu. Nikamueleza kwamba hizi sumaku haziwezi joto, zile za kawaida kabisa kiwanda kinakwambia usizitumie zaidi ya nyuzi 80, na ukifika nyuzi 312 hivi usumaku unaisha wote, hiyo ndio inaitwa joto la Curie. Mjomba akasikiliza, akageuza ile twita, alafu akasema: "Sawa mjomba, joto linaiua. Sasa ukiibana je? Ukiibana sana, nguvu si zinajikusanya sehemu moja, inakuwa kali zaidi?"

Mi nafundisha fizikia sekondari, nikajibu haraka haraka bila kufikiria, nikasema hapana mjomba, kubana hakubadilishi kitu. Nimefika nyumbani Tabata usiku nikawa silali vizuri maana nilijua nimemjibu vibaya. Kwa mbano wa jiliwa la karakana, sawa, hautaona tofauti yoyote. Lakini ukibana kweli kweli sumaku inabadilika, na inabadilika kinyume na alivyodhani yeye. Inadhoofika.

Ila kabla sijafika huko niseme tulichofanya Jumamosi iliyofuata, kwasababu mjomba haamini maneno matupu. Jirani yake anatengeneza magari, ana presi ya kutolea beringi, ya tani 20. Tukachukua kisumaku kimoja cha duara, kipenyo milimita 10, tukakiweka katikati ya vyuma viwili, tukakifunika na gunia lililokunjwa mara nne, miwani ya kuchomelea usoni, jirani akaanza kupampu. Mshale haukufika hata tani 5, ukasikika mlio kama mtu kavunja kigae. Tulipofunua gunia, hamna sumaku tena, kuna vipande vya kijivu vimesimama juu ya chuma kama miiba ya nungunungu, kila kipande kinasukuma mwenzake, na ile ngozi ya nikeli inayong'aa imechanika vipande vipande. Mjomba akainama akavisogelea na bisibisi, vikaruka vyote vikaing'ang'ania. "Mbona bado vinavuta?" Ndio, vinavuta, maana kuvunja sumaku sio kuua usumaku, kila punje ya ndani ni sumaku yake yenyewe.

Hapo ndio nikaelewa namna ya kumueleza. Presi inabana juu na chini peke yake, ubavuni kuko wazi, na sumaku za neodimiamu sio kama nondo, ni kama kigae, zimetengenezwa kwa unga uliogandamizwa ukachomwa kwenye tanuru zaidi ya nyuzi 1000. Ukikibana kigae upande mmoja kinapasuka. Ili ujue presha inafanya nini kwenye usumaku wenyewe inabidi uibane pande zote kwa usawa, juu, chini, kushoto, kulia, kama kitu kilichozama baharini. Kwahiyo wanaofanya hii kazi wanaizamisha sumaku ndani ya kimiminika alafu ndio wanabana kile kimiminika.

Sasa presha kiasi gani? Tairi la gari dogo unajaza upepo PSI 30 hivi. Sehemu yenye kina kuliko zote baharini duniani, ule mtaro wa Mariana huko Pasifiki, kilomita karibu 11 kwenda chini, kule presha ni PSI kama 16,000. Wataalamu wanatumia kipimo kinaitwa gigapaskali, na gigapaskali moja ni PSI 145,000 hivi. Yaani bahari yote ile ya Mariana ni kama sehemu moja ya tisa tu ya gigapaskali. Na wanaenda mpaka gigapaskali kumi, hamsini, mia.

Wanafikaje huko, hiki ndio kitu nakipenda kuliko vyote. Wanachukua almasi mbili, zile zile almasi kama za Mwadui, wanazisaga ncha ziwe bapa kidogo sana, wanazikutanisha ncha kwa ncha. Katikati wanaweka kibati chenye tundu dogo kuliko ncha ya pini, ndani ya tundu wanaweka kimiminika, punje ya sumaku ambayo huwezi kuiona vizuri kwa macho, na punje ya rubi. Alafu wanakaza skrubu. Kwasababu ncha ni ndogo mno, nguvu ya mkono tu inakuwa presha ya ajabu, ni hesabu ile ile ya fomu one, nguvu gawanya kwa eneo. Na rubi kazi yake ni kuwa geji, wanaimulika na leza inawaka rangi nyekundu, presha ikipanda ile rangi inahama kidogo kidogo, wanasoma kuhama kwake wanajua wamefika wapi. Kifaa hichi kilianza Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, kwenye ofisi yao ya serikali ya vipimo. Almasi na rubi, vyote viwili vinachimbwa hapa kwetu, almasi Mwadui na rubi Longido, na mwanafunzi wangu hajawahi kuambiwa kwamba vina kazi hiyo. Hilo linaniuma.

Turudi kwa sumaku. Ndani yake kuna nini? Kwa kila atomu mbili za neodimiamu kuna atomu 14 za chuma na moja ya boroni. Watu wengi wanadhani neodimiamu ndio inavuta, jina lake ndio limebandikwa, lakini sehemu kubwa ya mvuto inatoka kwenye chuma, chuma cha kawaida. Neodimiamu kazi yake kubwa ni kushikilia mwelekeo, kuhakikisha usumaku hauyumbi ukabadilisha upande. Elektroni za neodimiamu zinazofanya hiyo kazi zimejificha ndani kabisa ya atomu, zimefunikwa na tabaka zingine kwa nje, kama kiini cha yai, kwahiyo ukibana hazishtuki mapema. Za chuma haziko hivo. Elektroni za chuma zinazoleta usumaku ziko karibu na nje, zinagusana na za jirani, na ukibana hizo ndio zinapata shida ya kwanza.

Shida gani? Nenda Kunduchi siku wanapandisha mashua ufukweni. Watu wamejipanga kwenye kamba, mmoja anaita haraaambee, wote wanavuta kwa pamoja, mashua inapanda. Wakiwa na nafasi kati yao kila mtu anakanyaga mchanga vizuri na kuvuta upande mmoja. Sasa warundike kwenye nusu ya ile kamba. Viwiko vinagongana, huyu kamkanyaga huyu, mwingine kageuka kuangalia nani kamsukuma, wapo pale pale, idadi ile ile, na mashua imekwama. Atomu za chuma ziko hivo. Zikiwa na nafasi ya kutosha zinapenda kuelekea upande mmoja. Zikisogeleana mno elektroni zinapata njia pana ya kuhama kutoka atomu hii kwenda ile, na ile faida ya zote kuelekea upande mmoja inapungua, na kuna jozi za atomu ambazo zikikaribiana sana zinaanza kabisa kutaka kuelekea kinyume.

Na kwenye sumaku ya neodimiamu kuna jozi za chuma ambazo tayari zimebanana hata kabla hujagusa kitu. Kwahiyo ukiongeza presha joto la Curie linashuka, nyuzi ishirini na kitu kwa kila gigapaskali moja. Linganisha: kule Mariana ingeshuka nyuzi tatu hivi tu, hamna mtu angejua. Lakini kwenye almasi, gigapaskali kumi, unaongelea mia mbili na kitu, ile 312 inakuwa haipo tena, sumaku inayofanya kazi vizuri mezani kwa mjomba inakaribia kufa kwa joto la mchana wa Dar. Mvuto wenyewe nao unapungua, sio joto la Curie peke yake.

Kuna ushahidi mwingine wa hii kitu ambao hauhitaji almasi wala presha, na mimi ndio ulionishawishi kuliko hesabu zote. Metali karibu zote ukizipoza zinasinyaa, tunajua, reli zinaachiwa nafasi kwa sababu hiyo. Sumaku ya neodimiamu ukiipoza kutoka juu inasinyaa kawaida mpaka inafika zile nyuzi 312, usumaku unapoanza, alafu inagoma. Haisinyai kama inavyotakiwa. Inabaki imevimba. Usumaku ndio unaozisukuma atomu ziachane kidogo ili zipate ile nafasi. Tabia hii iligunduliwa zamani sana kwenye mchanganyiko wa chuma na nikeli unaoitwa invari, aliyeugundua ni Mswisi Charles Édouard Guillaume mwaka 1896, akapewa Nobel ya fizikia mwaka 1920, maana invari haitanuki wala haisinyai ovyo, ilikuwa dhahabu kwa watengeneza saa na watu wa vipimo. Sasa fikiria mwenyewe: kama usumaku unaivimbisha sumaku, basi ukiikandamiza irudi ndani unapigana na usumaku wenyewe. Ni kitu kile kile kinatazamwa kwa pande mbili.

Sio sumaku zote za madini adimu, yaani neodimiamu na ndugu zake, zinaumia hivi. Zile za samariamu na kobalti, ambazo zilianza miaka ya 1960, kobalti ni mgumu, presha haimsumbui sana, anapoteza kidogo mno ukilinganisha na chuma, na joto lake la Curie linapita nyuzi 700. Shida yake bei. Na metali ya gadoliniamu ikiwa peke yake, hii ni ya familia moja na neodimiamu, joto lake la Curie ni nyuzi 20 tu, yaani hapa Dar karibu mwaka mzima sio sumaku, ungeipeleka Lushoto usiku ndio ingeamka, nayo ukiibana inashuka zaidi, nyuzi kama 15 kwa kila gigapaskali. Chuma kitupu nacho kina kituko chake, unakibana kinavumilia, joto lake la Curie halitikisiki, mpaka kikifika gigapaskali 13 hivi atomu zinajipanga upya kwa ghafla na ile tabia ya sumaku inaondoka. Kwahiyo wale wanafunzi wanaoniambia katikati ya dunia kuna sumaku kubwa ya chuma, hapana jamani, kule ni gigapaskali zaidi ya 300 na joto la maelfu ya nyuzi, hakuna sumaku inayopona. Usumaku wa dunia unatoka kwenye chuma kilichoyeyuka kinachozunguka na kuzalisha umeme.

Haya nilimueleza mjomba Jumapili, nimekaa kwenye kreti la soda, yeye anasuka koili. Hakuangalia juu muda wote, nikadhani hasikilizi. Alafu akaweka uzi chini akasema, "Basi mjomba mmekosea njia. Kama kubana kunaiua, si muiachanishe? Ipanueni."

Nilinyamaza kidogo. Kwasababu hilo ndilo wazo lililoizaa hii sumaku yenyewe.

Mwaka 1978 Mjapani Masato Sagawa, wakati huo yuko Fujitsu, alihudhuria semina Tokyo. Mzungumzaji akaeleza kwanini hakuna sumaku nzuri ya chuma na madini adimu: mchanganyiko wa neodimiamu na chuma peke yake unapoteza usumaku kwenye nyuzi hamsini na kitu, gari likiachwa juani Posta na vioo vimefungwa linakaribia huko, na sababu ni kwamba atomu za chuma ziko karibu karibu mno. Sagawa akawaza, kama tatizo ni nafasi, tuchomeke atomu ndogo katikati, kaboni au boroni, zisukume chuma kiachane. Akaanza kujaribu. Ilivyotokea sio kwamba boroni iliingia tu kwenye ule mjengo wa zamani ikautanua, ulizaliwa mjengo mpya kabisa, wenye atomu 68 katika kila chumba kimoja cha fuwele, yaani kile kipande kidogo kinachojirudia rudia, ila nafasi ikapatikana na ile hamsini na kitu ikaruka mpaka 312. Kufikia mwaka 1983 alikuwa ameshahamia Sumitomo Special Metals na ikatangazwa, na mwaka huo huo John Croat na wenzake wa General Motors Marekani nao wakatangaza ya kwao waliyoipata kwa njia nyingine, mchanganyiko ule ule. Sumaku za magari mengi ya umeme, za hedifoni nyingi, za hadi diski anazobomoa mjomba, zimetoka hapo.

Alafu kuna la mwaka 1990 ambalo ni jibu la mjomba neno kwa neno. Dublin, Ireland, chuo cha Trinity, Michael Coey na Sun Hong walichukua unga wa samariamu na chuma, wenye joto la Curie nyuzi 116, wakaupashia ndani ya gesi yenye nitrojeni. Atomu za nitrojeni zikapenya zikakaa kwenye nafasi kati ya atomu zingine bila kuubomoa mjengo, mjengo ukavimba asilimia kama sita, na joto la Curie likapanda mpaka nyuzi 476 hivi. Nyuzi 360 za ziada, kwa kuvimbisha tu. Ni presha iliyogeuzwa kichwa chini miguu juu, badala ya kukandamiza kutoka nje unasukuma kutoka ndani. Na nitrojeni iko kwenye hewa hii hii, zaidi ya robo tatu ya unachovuta sasa hivi.

Mjomba akauliza swali la fundi: sasa mbona haziko sokoni zimejaa? Nikamwambia zipo, ila haziwezi kuchomwa kwenye tanuru kama za neodimiamu, ukipita nyuzi 600 hivi mjengo unaachana, samariamu inaondoka na nitrojeni yake, chuma kinabaki peke yake. Kwahiyo unga unachanganywa na plastiki unamiminwa kwenye kalibu. Na unga ukichanganywa na plastiki mvuto unapungua, maana sehemu ya ujazo imechukuliwa na plastiki.

Mi nayaandika haya kwasababu Ngualla, mkoani Songwe, kuna neodimiamu yetu. Leseni maalumu ya uchimbaji ilitolewa Aprili 2023, kampuni inaitwa Mamba Minerals, serikali ina asilimia 16. Kila nikisikia redioni wanaongelea tani na mrabaha, sijasikia bado mtu anaongelea nafasi kati ya atomu mbili za chuma, na pale ndipo thamani yote ilipo. Udongo wa Songwe bila yule mtu aliyekaa kwenye semina Tokyo akawaza habari ya nafasi ni udongo tu. Nataka watoto ninaowafundisha Tabata walijue hili kabla ya kujua bei ya tani.

Jumamosi hii nimepita tena Gerezani. Vile vipande vya sumaku iliyopasuka mjomba amevikusanya kwenye kopo la maziwa, vimeanza kushika kutu maana ngozi ya nikeli imetoka. Pembeni ameweka chupa ya gundi ya resini na kichujio cha chai. Anataka kuvisaga, achanganye na gundi, amimine kwenye kifuniko cha soda juu ya sumaku kubwa ya spika ili punje zote zielekee upande mmoja kabla gundi haijakauka. Nimemwambia asage ndani ya mafuta, unga wa hii kitu ukiwa mkavu na laini unaweza kuwaka wenyewe. Ameniambia nilete mafuta ya cherehani.